Kabla hujamkabili mshambuliaji mrefu: mambo ya kupanga katika ngome ya futiboli ya Australia

Tarehe 21 Septemba 2018, Richmond waliingia uwanja wa MCG mjini Melbourne wakiwa mabingwa watetezi wa AFL, ligi kuu ya futiboli ya Australia, mechi moja tu kabla ya fainali kuu. Nyuma walikuwa na Alex Rance, beki ambaye hakuna mshambuliaji aliyefurahia kupangwa naye. Mbele yao Collingwood walimweka Mason Cox, Mmarekani wa Texas mwenye urefu wa sentimita 211, aliyekuja Australia akitokea kwenye mpira wa kikapu wa chuo kikuu. Katika robo ya pili peke yake Cox alifunga magoli matatu, akidaka mipira juu ya vichwa vya mabeki, na Collingwood wakashinda kwa pointi 39.

Kila ninapozungumza na mtu aliyekabidhiwa mabeki kwa mara ya kwanza, naanzia hapo. Richmond hawakukosa mabeki wazuri. Ila kwa mtu wa urefu ule, beki anayeanza kufikiri mpira ukiwa tayari angani ameshachelewa. Kazi karibu yote hufanyika kabla.

Kwa anayeufahamu mchezo huu kwa mbali: kila timu ina watu 18 uwanjani, hakuna kuotea wala golikipa. Mchezaji akidaka mpira uliopigwa kwa mguu na kusafiri angalau mita 15 bila kuguswa, mpira unakuwa wake. Akiwa karibu na goli anarudi nyuma, anapewa sekunde 30, kisha anapiga bila mtu kumsogelea. Mpira ukipita kati ya milingoti miwili mirefu ni pointi 6. Ukipita kati ya mlingoti mrefu na mfupi wa pembeni ni pointi 1. Kwa hiyo mshambuliaji mrefu hana haja ya kukupiga chenga. Anachotaka ni mikono yake iwe juu ya yako kwa nusu sekunde.

Jambo la kwanza ni kumjua huyo mtu, na kumjua si kuuliza urefu wake. Uliza anaupataje mpira. Tom Hawkins, miaka yote aliyocheza Geelong, alikuwa mtu wa mwili: alikuegemea, akakufungia nyuma ya mgongo wake, na mpira ulipodondoka wewe ulikuwa upande usio na faida. Mwenzake Jeremy Cameron ni mrefu pia, lakini anatembea. Unamkuta hadi karibu na katikati ya uwanja, anachomoka kwa kasi kuufuata mpira, anaupokea kifuani akiwa peke yake. Beki mzito aliyemfaa Hawkins atatoka jasho bure kwa Cameron. Tazama mechi zake mbili tatu za karibuni na uangalie mambo machache: anachomoka kuelekea upande gani mara ya kwanza, anasubiri mpira mbele ya kundi au nyuma yake, anapiga kwa mguu upi, na mpigaji gani wa timu yake anamtafuta yeye kwanza. Hilo la mwisho husahaulika sana. Mshambuliaji mrefu ana rafiki yake uwanjani, kiungo au winga ambaye akiinua kichwa humtazama yeye tu. Ukimjua rafiki huyo, nusu ya kazi unaifanya mita 60 mbali na goli.

Hapo ndipo ninapoweka uzito kuliko mahali pengine popote. Kabla ya kukaa na mabeki, kaa na viungo. Waambie wazi kwamba mpira unaopigwa na mtu asiyesumbuliwa utakwenda chini, kwa kasi, kwenye kifua cha mtu anayechomoka, na huo hakuna beki anayeuzuia. Mpira unaopigwa na mtu aliyeshikwa kiuno unapanda juu na kukawia angani. Kule kukawia ndiko kunakompa beki wa pili na wa tatu nafasi ya kufika. Lakini ni lazima wafike. Mpira wa juu unaomkuta mrefu akiwa na beki mmoja tu ni zawadi kwake. Kwa hiyo makubaliano yana pande mbili: viungo wanamharakisha mpigaji, na mabeki wanaondoka mapema kwenda mpira utakapoangukia. Upande mmoja ukikosekana, ni bora ule mwingine usijaribiwe kabisa.

Baada ya hapo ndipo unagawa watu. Ngome nzuri ina aina mbili za mabeki warefu, na kuwachanganya ni kosa la kawaida katika timu za mtaani. Wa kwanza ni mkabaji, anayelala na kuamka na mtu wake. Ushindi wake ni mtu huyo asidake. Wa pili ni mnyakuzi, anayesoma mpira tangu unapotoka mguuni, anamwacha mtu wake na kuja kuudaka mwenyewe. Melbourne walipochukua ubingwa wa 2021, wa kwanza kwao tangu 1964, Steven May alikuwa akibeba mshambuliaji mkubwa na Jake Lever akielea pembeni yake kunyakua. Lever asingethubutu kumwacha mtu wake kama asingemwamini May.

Kwa sisi tuliotoka Afrika Mashariki kuna mfano wa karibu zaidi. Aliir Aliir alizaliwa katika kambi ya wakimbizi ya Kakuma, kaskazini mwa Kenya, familia yake ikiwa imekimbia vita Sudan. Alianzia Sydney, na mwaka 2021, msimu wake wa kwanza na Port Adelaide, akaingia kwenye kikosi bora cha mwaka cha AFL akiwa beki. Mtazame miguu yake kabla hajaruka: anaanza kusogea wakati wengine bado wanamtazama mpigaji. Vijana wetu wengi Melbourne, Perth na Brisbane, warefu na wepesi, hupelekwa moja kwa moja mbele au kwenye kuruka mipira ya katikati. Ningependa wengi zaidi wajaribiwe nyuma, kwenye kazi hii ya unyakuzi.

Mnyakuzi huyo anahitaji kufunikwa, na hili lipangwe kwa majina. Akitoka kwenda kwenye mpira, nani anamchukua mtu aliyeachwa? Kwa kawaida ni beki mfupi aliye karibu, naye anachukuliwa nafasi yake na winga anayerudi. Kumbuka pia kanuni iliyoingia AFL mwaka 2019: mpira unapoanzishwa katikati, mwanzoni mwa robo au baada ya goli, kila timu lazima iwe na watu sita ndani ya kila upinde wa mita 50, ule mstari uliochorwa mita 50 kutoka goli, na sita katikati. Maana yake kwa muda ule mabeki sita wana washambuliaji sita, hakuna wa ziada. Mpira ukitoka katikati kwa pigo moja safi, mrefu wao yuko peke yake na beki wako. Kwa hiyo mnyakuzi aambiwe kwamba wakati huo ni mkabaji kama wengine, na winga wa upande ulio mbali na mpira aambiwe kwamba mbio zake za kwanza ni kurudi nyuma. Mnyakuzi aanze kuelea baada ya winga huyo kufika, si kabla.

Sasa lile pambano lenyewe. Mpira ukiwa juu, beki anakaa ubavuni mwa mshambuliaji, nyonga ikigusa nyonga, macho yakiwa kwenye mpira. Msukumo ni wa mwili na unatolewa mapema, mpira ukiwa bado mbali, kiasi cha kumtoa mtu hatua moja kutoka pale unapoangukia. Hatua moja inatosha, maana mrefu akilazimika kuruka huku anarudi nyuma, urefu wake unapungua. Halafu ngumi: mkono umefungwa, unapita kando ya kichwa chake, unagonga ngozi ya mpira. Ukigonga mikono yake ni mpira wa adhabu. Ukimsukuma mgongoni ni adhabu. Ukiacha kutazama mpira na kumzuia tu, adhabu vilevile. Tangu 2019 unaruhusiwa kuweka mikono mgongoni kulinda nafasi yako, mradi husukumi, na mabeki wachanga wanapaswa kuzoea tofauti hiyo mazoezini, maana mbele ya goli mnalolilinda kosa hilo ni pointi 6.

Ngumi iende wapi? Hili naliomba lijibiwe kabla ya mechi na kila beki kwa mdomo wake. Iende pembeni, kuelekea mstari, ambako mpira ukitoka mwamuzi anaurusha upya na ngome inajipanga. Isiende mbele ya goli. Pale chini ya miguu ya mrefu kuna washambuliaji wafupi wawili au watatu wanaosubiri makombo, na timu nyingi huufanya mpira wa juu kuwa chambo tu kwa ajili yao. Kwa sababu hiyo wasiruke watu wote. Anaruka mkabaji, na mnyakuzi akiwa na uhakika. Beki mmoja anabaki mbele ya kundi, mwingine nyuma yake, wote wawili miguu chini. Nimeona mabeki wanne wakiruka kwa mpira mmoja, wote kwa nia njema, na mfupi wa wapinzani akauokota na kutembea nao golini.

Sauti ni sehemu ya maandalizi. Chagueni maneno mawili au matatu mafupi na yawe yaleyale msimu mzima. "Yangu" kwa anayedaka, "piga" kwa anayemwambia mwenzake atumie ngumi, "baki" kwa anayetakiwa kubaki chini. Anayeamua ni beki wa nyuma kabisa, kwa sababu ndiye anayeona wote. Asiwe yule anayependwa zaidi au aliyekaa muda mrefu zaidi kwenye timu. Awe anayesema mapema na kusikika.

Kuna pia njia ya kutoa pointi moja ili kuokoa sita: beki anaupiga mpira upite mstari wa goli lake mwenyewe, na timu yake inaanza upya kwa kupiga kutoka golini. Mwaka 2008 Hawthorn walifanya hivyo mara 11 katika fainali kuu waliyowafunga Geelong, na mwaka uliofuata kanuni ikabadilishwa. Sasa beki asiyesumbuliwa akifanya hivyo makusudi anaadhibiwa. Kwa hiyo fundisha mabeki kuitumia wakiwa na mtu mgongoni tu.

Uwanja na hali ya hewa vitazamwe asubuhi ya mechi. Kanuni zinaruhusu uwanja wenye upana wa kuanzia mita 110 hadi 155, na tofauti hiyo ni kubwa. Uwanja wa Geelong una upana wa mita 115 hivi, kwa hiyo mipira mingi inaingia kupitia njia nyembamba na mnyakuzi hana umbali wa kukimbia. Kwenye uwanja mpana mrefu ana nafasi ya kuchomoka pembeni, na mkabaji wako awe na pumzi. Mvua ikinyesha, mpira unateleza na kudaka kunakuwa kugumu. Siku hiyo fikiria kumpumzisha beki mrefu mmoja na kuingiza mfupi mwepesi. Upepo ukiwavumia wapinzani mgongoni, mpira utavuka kuliko ulivyozoea, kwa hiyo ngome isogee nyuma hatua kadhaa.

Na mkiupata mpira je? Mwaka 2018, fainali kuu ikiwa katika dakika zake za mwisho na Collingwood wakiongoza, beki wa West Coast Jeremy McGovern alidaka mpira ndani ya ngome yake. Akampigia Nathan Vardy, naye Liam Ryan, naye Dom Sheed, kila mmoja akidaka, na Sheed akafunga kutoka pembeni kabisa. West Coast wakawa mabingwa kwa tofauti ya pointi 5. Unyakuzi ulikuwa na njia ya kutokea. Kabla ya mechi panga mtu wa kwanza wa kupokea upande wa kushoto na wa kulia, na umwambie akae mbali hata anapotamani kuja kusaidia.

Usihangaike sana kama huna majitu. Leo Barry wa Sydney, aliyeruka ndani ya kundi na kudaka mpira wa mwisho wa fainali ya 2005, alikuwa na sentimita 184 tu. Hangaikia zaidi siku ambayo mkabaji wako mkuu hayupo. Rance aliumia goti katika mechi ya kwanza ya msimu wa 2019 na hakurudi mwaka huo. Richmond, wakiwa na akina Dylan Grimes na David Astbury waliojua kila mmoja anasimama wapi, walimaliza msimu wakiwafunga Greater Western Sydney kwa pointi 89 kwenye fainali kuu. Kwa hiyo kwa kila mrefu wa wapinzani andika majina mawili, la anayeanza naye na la anayempokea, na uwaambie wote wawili kwenye chumba cha kubadilishia nguo, kabla ya mtu yeyote kuumia.