Ombea saa ya mkeka

Mkristo aliyenaswa na kubeti mara nyingi huomba kwa maneno ya jumla, kwamba Bwana amwondolee tabia mbaya, kisha Jumamosi jioni, mechi za Uingereza zinapokaribia kuanza, kidole chake kinarudi kwenye simu kuandaa mkeka, yaani orodha ya mechi anazobetia, kana kwamba hakuomba lolote. Ni afadhali kuiombea saa ileile kwa jina lake, na kuitumia mahali pengine: kwenye mazoezi ya kwaya, au kumtembelea mgonjwa, huku simu ikibaki nyumbani. (Wapo wanaomwomba Mungu mkeka usichanike, hilo ni kumshirikisha katika kamari yenyewe.)

Jambo gumu zaidi ni kusema. Yakobo 5:16 inaagiza waamini waungame wao kwa wao na kuombeana wapate kuponywa, kwa hiyo mtafute mzee wa kanisa au mchungaji anayetunza siri, umtajie deni lote kwa shilingi, pamoja na ile ada ya mtoto iliyoliwa, kwa sababu anayeficha nusu ya deni huishia kubeti tena ili alilipe kimyakimya. Chama cha Gamblers Anonymous, cha watu wanaosaidiana kuacha kamari, kilichoanzia Los Angeles mwaka 1957, nacho husimama juu ya kukiri huku mbele ya wenzako.

Siku hiyohiyo funga akaunti ya kubeti, futa programu yake, na mshahara ukiingia umkabidhi mwenzi wako, ubaki na nauli tu.