Jinsi ya kujiendeleza bila kujipima kwa watu: hatua ninazowapa wanafunzi wangu wa ushonaji Lamu

Hatua hizi nimeziandika baada ya kumsaidia mwanafunzi wangu mmoja hapa mtaa wa Langoni. Ushonaji wake ulikuwa unaongezeka uzuri mwezi baada ya mwezi, naye kila siku anasema hajui kitu. Zinamfaa pia anayesoma, anayeanza biashara, au yeyote ambaye akishatazama mambo ya wenzake kwenye simu hana tena hamu ya kushika kazi yake. Simwambii mtu apunguze hamu ya kufika mbali. Ninachotaka abadilishe ni kipimo.

Hatua ya 1: Andika majina

Chukua karatasi, uandike ni nani hasa ukimwona anaendelea roho yako inanyong'onyea. Usiandike "mitandao". Andika watu. Mwanasaikolojia wa Marekani, Leon Festinger, alieleza mwaka 1954 kwamba mtu akikosa kipimo cha wazi cha uwezo wake hujipima kwa wenzake, na hasa kwa wale wanaofanana naye. Kwa hiyo mwenye jumba kubwa kijijini Shela hakunyimi usingizi, lakini uliyekaa naye dawati moja akituma picha kutoka Doha, unakesha. Majina huwa machache, na mengi ni ya jamaa. Ukimaliza ichane karatasi hiyo, maana ikiokotwa italeta fitina.

Hatua ya 2: Nyamazisha stetasi zao

Hapa ndipo tulipokwama muda mrefu, kwa hiyo soma polepole.

Kwenye WhatsApp, nenda ukurasa wa stetasi, bonyeza jina la mtu bila kuachilia mpaka litokee chaguo la kunyamazisha, ukubali. Mwenyewe hapelekewi taarifa yoyote. Ujumbe wake na simu zake zitakufikia kama kawaida, na yeye ataendelea kuona stetasi zako. Usimzuie kabisa na usifute namba yake. Kwa watu wa mji mmoja, kumzuia ndugu ni kutangaza ugomvi, na mama yako ataulizwa habari hizo kabla hujaulizwa wewe.

Stetasi ulizonyamazisha hazifutiki. Zinakusanywa chini ya ukurasa, na kidole chako kitajua njia ya kwenda huko. Mwanafunzi wangu alinyamazisha watu wake wote, kisha akawa anashuka kuwafungua kila usiku. Kilichomsaidia ni kuacha kuufungua ukurasa wote wa stetasi baada ya sala ya isha, saa ambazo mtu amechoka na kila kitu cha mwenzake kinaonekana kikubwa kuliko kilivyo.

Wapo wanaozima alama za kusoma ujumbe ili watazame stetasi bila jina lao kuonekana. Mimi siipendi njia hiyo. Bado unatazama, bado unaumia, tofauti ni kwamba sasa unajificha.

Tatizo la kweli ni jamaa. Mwenye stetasi anaona orodha ya waliotazama, na wako wanaoihesabu. Shangazi akikosa jina lako siku kadhaa, utasikia: "Siku hizi umetuacha." Usijitetee kwa uongo wa bando kuisha. Mtangulie. Mara moja kwa juma, mwandikie mwenyewe: "Shikamoo shangazi, mguu unaendeleaje? Ijumaa nitapita kukuona." Kisha upite kweli. Kuunga udugu ni kumjulia mtu hali, na hakuna aliyewahi kulalamikia stetasi huku mgeni wake amekaa naye ukumbini akinywa kahawa. Kwa aliye Jeddah au Doha, mpigie. Ukiisikia sauti yake utasikia pia uchovu wake na jinsi anavyowakumbuka wa nyumbani, mambo ambayo picha haikukuonyesha.

Tafadhali, usijitulize kwa kusema "yule anaigiza tu, gari si lake". Ushauri huo hutolewa sana na mimi naukataa. Huenda gari ni lake kwa haki, kalitolea jasho. Ukiutegemeza moyo wako kwenye uongo wa mwenzako, utajikuta unaombea aumbuke. Sema mashallah, umwombee, urudi kwenye kazi yako.

Makundi ya masomo na ya familia yanyamazishe sauti daima, usijitoe. Facebook ina njia ya kuacha kumfuata mtu mkabaki marafiki. Itumie.

Hatua ya 3: Fungua daftari

Daftari la karatasi, na kalamu. Programu za simu zinazokupa nafasi ya ngapi kati ya watumiaji sizitaki kabisa, maana zinakurudisha palepale ulipokuwa unapatoroka.

Kila Alhamisi jioni andika kitu kimoja unachokiweza leo ambacho zamani hukukiweza, na ukiandike kwa jina la kazi yenyewe: "Nimeunga kola bila kuifumua." "Nimemaliza safu ya vito, vile vitundu vya darizi, kwenye kofia, vyote vimelingana." Usiandike "nimejitahidi". Huko hakupimiki.

Kwa wanaoishi kwa wageni na bahari, yaani manahodha, waongozaji watalii na wauza vinyago, linganisha msimu na msimu wake. Mwezi wa sita, upepo wa kusi ukivuma, wageni huwa wachache na vyombo vidogo haviendi mbali. Ukiupima mwezi huo kwa Desemba utajiona umeshindwa hata kama umepiga hatua. Upime kwa mwezi wa sita wa mwaka jana.

Hifadhi pia kazi zako za mwanzo. Mshono mbovu wa kwanza usiuchome. Mwanafunzi wangu nilipomwekea kanzu yake ya kwanza mezani kando ya ile ya juzi, alizitazama kimya, kisha akaniomba kitambaa kingine.

Hatua ya 4: Harusini na barazani

Ukiulizwa "na wewe lini?", jibu "tuombee", kisha muulize yeye habari zake. Inatosha.

Hatua ya 5: Jua mpaka wa mwongozo huu

Ikiwa kwa majuma mawili au zaidi, karibu kila siku, una huzuni isiyoondoka, usingizi umeharibika, chakula hakikupiti na hata ulivyovipenda havikuvutii, hayo yamepita kujilinganisha. Daftari halitayatibu, na kusomewa dua hakukuzuii kumwona daktari. Fanya yote mawili. Hapa mjini anzia hospitali ya King Fahad, umweleze daktari hali ya moyo wako waziwazi, usimtajie maumivu ya kichwa peke yake. Msalaba Mwekundu wa Kenya una namba 1199, ni bure, na wanaopokea watakusikiliza.

Ikikujia fikira ya kujiua, usingoje majuma mawili. Mwambie mtu leo, mwende naye. Wapo wanaonyamaza kwa kuogopa polisi. Januari 2025 Mahakama Kuu ya Kenya ilitamka kwamba kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, kilichofanya jaribio la kujiua kuwa kosa, kinakiuka Katiba. Na wewe unayeambiwa, mpeleke kwanza. Maswali ya nini na kwa nini yataulizwa na daktari.