Jinsi ya Kuzuia Kifua Kikuu Kisivuke Kati ya Mifugo na Wanyamapori

Kifua kikuu cha ng'ombe husababishwa na bakteria wa Mycobacterium bovis, ambao huwaambukiza pia nyati, tandala, ngiri na hata binadamu. Katika Hifadhi ya Kruger nchini Afrika Kusini ugonjwa huu uligunduliwa kwa nyati mwaka 1990, kisha ukawafikia simba wanaowala.

Anza na maji na malisho, kwani hapo ndipo mifugo na wanyamapori hukutana bila mfugaji kuona: inua mabirika, funga ghala la chakula, na kila jioni ondoa chumvi ya kulamba, ambayo wengi huisahau ingawa hubaki na mate ya kila mnyama aliyepita.

Usisubiri kikohozi wala kukonda, kwa sababu ng'ombe aliyeambukizwa anaweza kuonekana mzima kwa muda mrefu. Mwite daktari wa mifugo alichome kundi zima sindano ya tuberkulini, yaani kipimo cha kifua kikuu kwenye ngozi, ambayo matokeo yake husomwa baada ya saa 72, na umtenge kila atakayevimba ngozi. Ng'ombe mgeni apimwe kabla ya kuchanganywa na wenzake.

Maziwa yachemshwe. Mizoga ifukiwe kwa kina, isifikiwe na fisi wala mbwa.