Somo: kuunganisha mashine ya ngoma, sinthesaiza na kompyuta ziende pamoja, hata kwa chakacha

Asalam alaikum wanachama. Wengi mmelalamika kwamba mashine ya ngoma inaanza sawa na kompyuta, halafu kufumba na kufumbua kila kimoja kinakwenda njia yake. Nitaeleza kwa kutumia chakacha, ngoma ya harusi za pwani, maana mafunzo mengi ya mtandaoni yanachukulia kwamba kila wimbo una mapigo manne kwa baa (kipande kimoja cha kuhesabia wimbo). Hapa Mombasa hata mtoto wa harusini anajua si hivyo.

Kwanza tuelewe kinachopita kwenye waya. MIDI, lugha ambayo vyombo vya muziki vya umeme na kompyuta huongea, ilitoka mwaka 1983, na saa yake (mipigo ya kuviweka pamoja) ni ileile hadi leo: kwa kila noti ya robo, kifaa kinachoongoza kinatuma mipigo 24. Namba ya tempo haitumwi kabisa. Mashine inasikiliza nafasi iliyopo kati ya mpigo na mpigo, kisha inakadiria mwendo. Kwa tempo ya 120, nafasi hiyo ni kama milisekunde 21. Pamoja na mipigo hiyo kuna amri za kuanza, kuendelea na kusimama. "Anza" inairudisha mashine mwanzo wa mzunguko. "Endelea" inaipeleka mbele kutoka pale iliposimama.

Hatua ya 1: chagua saa moja. Kompyuta iwe kiongozi, vifaa vingine vyote vifuate. Najua wapo wanaopenda mashine iongoze, lakini programu ya muziki kwenye kompyuta ikilazimika kufuata saa ya nje, tempo yake inayumbayumba, na sauti ulizokwisha kurekodi zinaweza kuvutwa pamoja nayo.

Hatua ya 2: waya. Mashine yenye USB, chomeka moja kwa moja kwenye kompyuta, usipitishie kwenye kigawanyo cha bei rahisi. Yenye soketi ya matundu matano, toa OUT ya interfesi (kisanduku kinachounganisha kompyuta na vyombo) uingize IN ya mashine. Ukitumia waya mdogo wenye pini kama ya hedifoni, angalia aina: kuna A na B, na aina A ndiyo iliyofanywa kanuni mwaka 2018. Ukikosea haitaungua, itanyamaza tu.

Hatua ya 3: washa saa. Kwenye Ableton Live, fungua mipangilio ya MIDI, tafuta mstari wa mashine yako upande wa kutoka, washa "Sync". Kwenye FL Studio, chagua njia ya kutokea kisha washa "Send master sync". Upande wa mashine, saa iwekwe ya nje. Mara nyingi imeandikwa EXT.

Hatua ya 4: urefu wa mzunguko. Hapa ndipo chakacha inapowashinda watu, kwa hiyo tusiharakishe. Baa ya chakacha ni ya sita kwa nane: ina noti sita za nane, kila moja nusu ya noti ya robo, yaani mipigo 72 ya saa. Mashine nyingi zina vitufe 16, na kila kitufe ni mipigo 6: jumla 96. Kwa hiyo baa ya kompyuta ikiisha, mashine bado ina vitufe vinne vya kumaliza. Saa haijaharibika, ni baa mbili zenye urefu tofauti, na zitakutana tena mwanzoni baada ya baa nne za chakacha. Wengi wakisikia hivyo wanakimbilia kununua interfesi mpya. Usinunue kitu. Punguza urefu wa mzunguko uwe vitufe 12.

Sasa mapigo mawili makubwa ya baa yanakaa kwenye kitufe cha 1 na cha 7. Weka hapo ngoma nzito. Kisha chukua sauti kali zaidi, uiweke kwenye 1, 5 na 9. Sikiliza tatu zinavyovutana na mbili: hapo kiuno kinaanza kuelewa.

Na tempo je? Ukihesabu kwa mguu mapigo makubwa 80 kwa dakika, andika 120 kwenye programu, kwa sababu yenyewe inahesabu noti za robo.

Hatua ya 5: pima uchelewaji. Acha pigo moja tu kwenye kitufe cha 1, rekodi baa kadhaa, kisha kuza picha ya sauti uone pigo limeangukia wapi. Likichelewa milisekunde 12 kila mara, nenda kwenye ucheleweshaji wa saa ya MIDI uandike -12. Likiwa mara 8, mara 15, mara 11, hilo namba haiwezi kulitibu: funga programu nyingine, badilisha waya. Ukishapima usiguse bafa (akiba ya sauti ambayo kompyuta hukusanya kabla ya kuitoa) tena. Bafa ya sempuli 256, kwa sempuli 48,000 kila sekunde, peke yake ni zaidi ya milisekunde 5, na ukiibadilisha utapima upya.

MASWALI YA WANACHAMA

Maalim, mimi nina Korg Volca (mashine ndogo ya muziki) na laptopu tu, interfesi sina. Nifanyeje?

Ndugu yangu, tumia tundu la hedifoni. Volca inapokea mpigo wa umeme kwenye soketi ya SYNC, mipigo miwili kwa kila noti ya robo. Tengeneza traki ya mlio mfupi kwenye kila noti ya nane (sita kwa baa ya chakacha), uipeleke yote kulia, na muziki wote kushoto. Waya wa kugawa utapeleka kulia kwenye SYNC na kushoto kwenye spika. Sauti ya laptopu iwe juu, na traki hiyo usiitie efekti yoyote.

Sinthesaiza yangu kila noti inalia mara mbili, sauti inakuwa kama ya bati.

Dada, kinanda kinapiga chenyewe, kisha kompyuta inakirudishia noti ileile. Tafuta "Local" kwenye menyu ya sinthesaiza, uizime.

Nikichomeka chaja ya laptopu, spika zinavuma.

Jaribu kwa betri. Mvumo ukiisha, mara nyingi unapita kwenye USB. Kama mashine ina soketi ya matundu matano, itumie hiyo: MIDI ya aina hiyo inapokelewa kwa mwanga ndani ya kifaa, umeme haugusani.

Maalim, sisi tuna mpiga udi na wapiga ngoma wa mikono. Mashine inaweza kuwafuata wao?

Saa ya MIDI haisikilizi watu. Mpe mpiga ngoma mmoja hedifoni yenye mlio wa mapigo makubwa, 1 na 7 tu, si noti zote sita, na wengine wamfuate yeye. Mpiga udi msimvalishe. Akisikia mlio sikioni ataacha kupamba.