Uzio wa Michongoma: Mkato wa Kwanza ni Sentimita 15, Sio Mita Moja na Nusu

Kila masika watu wanabeba miche kutoka kitaluni, wanaipanda kwa uangalifu, wanaimwagilia, halafu wanaiacha "ikue kwanza". Mkasi unakumbukwa uzio ukishafika kifuani. Hapo juu pamefunga kijani na chini ni vijiti vitupu: kuku wanapita, mbuzi wanapita, mbwa wa jirani ana njia yake. Mwenye nyumba anaanza kuziba mapengo kwa mabati chakavu, na miaka miwili imepotea.

Kuchimba, kumwagilia na kupalilia mnajua, hatutarudia. Makala hii ni ya mkasi.

Jicho lililo kwenye ncha ya mche hutoa homoni inayoshuka kwenye shina na kuyazuia macho ya pembeni yasichipue. Ncha ikiwepo, mche unakimbilia juu. Ncha ikikatwa, macho mawili, matatu au manne yaliyo chini ya mkato yanaamka, na kila moja linakuwa tawi. Kwa hiyo mahali unapokata ndipo uzio unapoanza kuwa mnene. Ukikata kwa mara ya kwanza mita moja na nusu, unene unaanzia hapo, na chini yake patabaki wazi. Udongo uwahi ungali maji.

Vipimo ni hivi, na tunaomba vifuatwe kwa futi ya kupimia, sio kwa macho. Nunua miche ya sentimita 30 hadi 40, yenye shina la unene wa penseli. Mche wa mita moja kwenye kiriba kidogo ni hasara: mizizi yake imejiviringa chini kama kamba, na mara nyingi unadumaa. Panda mwanzoni mwa mvua, yaani Machi kwa Pwani, Tanga, Arusha na Kilimanjaro, na mwishoni mwa Novemba au Desemba kwa Iringa, Njombe na Mbeya. Mstari mmoja unataka sentimita 30 kati ya mche na mche, kwa hiyo uzio wa mita 20 unahitaji kama miche 67. Ukitaka uzio wa kuzuia mifugo, panda mistari miwili iliyoachana sentimita 30, miche ikipishana, na sentimita 45 ndani ya mstari. Hapo andaa miche 90. Wanaopanda mita moja kwa mita moja ili kubana matumizi wanajidanganya. Pengo hilo halitaziba.

Sasa mkasi. Subiri wiki tatu hadi nne baada ya kupanda, mche ukishaonyesha majani mapya. Kisha ukate ubaki na sentimita 15 kutoka ardhini, mkato wa mshazari, nusu sentimita juu ya jicho. Ndiyo, mche ulioununua kwa pesa unakatwa zaidi ya nusu. Hapa ndipo mkono unapowatetemeka wengi, wanapunguza ncha kidogo tu na kujiona wamekata. Hawajakata. Sentimita 15.

Machipukizi yakifika sentimita 30, ondoa nusu. Uzio sasa una kimo cha sentimita 30. Kuanzia hapo, kila ukiongezeka sentimita 20, kata 10 na uache 10. Piga hesabu mwenyewe: kutoka sentimita 30 hadi 150 ni mikato 12. Wakati wa mvua mkato mmoja huangukia kila wiki sita hadi nane, na kiangazi husogea mbali zaidi. Uzio mzuri unaweza kuchukua miaka mitatu, na anayekuahidi miezi sita anakuuzia vijiti.

Pembeni pia pakatwe tangu mwanzo, na umbo liwe pana chini, jembamba juu. Kwa uzio wa mita moja na nusu, chini acha sentimita 60 na juu 40. Mtu anayekata kwa panga akiwa amesimama huishia kutengeneza faneli, juu pana na chini pembamba, kwa sababu mkono unafika kirahisi juu. Sehemu ya juu inaitia chini kivuli, majani ya chini yanapukutika, na tumerudi kwenye vijiti vilevile. Chomeka vigingi kila mita tatu, funga kamba pande zote mbili, kata kwa kufuata kamba. Panga liache kwa kazi nyingine. Linachana shina, na jeraha lililochanika linaoza.

Haya yote yanahusu mimea inayochipua kutoka kwenye shina kuukuu: mchongoma ambao Kenya huitwa kaiyaba, duranta, haibiskasi, bogenvilia, na mhina kule pwani. Saiprasi ni habari nyingine kabisa. Ukiikata ndani ya sehemu ya kahawia isiyo na majani, haichipui tena, na tundu hilo litabaki hivyo maisha yake yote. Saiprasi ipandwe kwa nafasi ya sentimita 60, usiikate kwa 15, bali ianze kupunguzwa pembeni ikiwa na sentimita 30 hadi 40, kidogo kidogo ndani ya kijani tu. Kilele chake kikatwe kikiwa sentimita 15 chini ya kimo unachotaka. Mtu mwenye shughuli nyingi asiichague, kwa sababu ukichelewa mara moja imekwisha. Na penye watoto wadogo, minyaa isipandwe karibu na wanapochezea. Utomvu wake ukiingia machoni ni hatari.

Uzio uliokwisha haribika, kama ni mchongoma, unaokoleka. Mwanzoni mwa mvua ukate wote kwa msumeno, ubaki sentimita 30 kutoka ardhini. Vaa glovu nene na viatu vigumu. Miiba yake hupita sentimita 5 na hutoboa kandambili bila shida. Chimba mfereji mwembamba sentimita 30 kutoka kwenye mashina, weka debe moja la samadi iliyooza kwa kila mita, fukia. Machipukizi yakifika sentimita 30, kata nusu, kisha fuata utaratibu wa juu. Wengi hukwepa mkato huu na badala yake hupachika miche mipya kwenye mapengo. Miche hiyo inakufa: juu imefunikwa na kivuli, chini mizizi ya wakubwa inakunywa maji yote. Ukilazimika kupachika, kata kwanza uzio mkuukuu, kisha chimba shimo la sentimita 40 kila upande na ukate mizizi yote inayoingia ndani yake.

Uzio umekubali ukiwa hatua tatu mbali na huoni miguu ya kuku upande wa pili.

Kwa bogenvilia inayopandishwa getini, kosa ni lilelile ila dawa inatofautiana kidogo. Chagua mashina mawili au matatu, mengine toa, na uyafunge kwenye waya yakiwa bado laini. Ukiyaacha yapande wima, maua yote yatakuwa juu ya ukuta na jirani ndiye atakayeyafaidi. Yalaze kwa mlalo kila sentimita 40 za kimo, macho ya pembeni yatachipua kwenye urefu wote. Maua yakiisha, punguza kila tawi kwa theluthi moja, maana bogenvilia huchanua kwenye machipukizi mapya. Maji yasizidi: ikinyweshwa kila siku inatoa majani matupu.