Somo: Kuandaa meza ya mgomo wa mabasi ya Montgomery

Wazazi mlioko Marekani, msimu wa maonyesho ya maarifa ya jamii umefika. Hivi ndivyo tulivyofanya na binti yangu wa sekondari.

1. Punguza mada. "Haki za kiraia" ni bahari. Binti alitaka Martin Luther King, kama nusu ya darasa lao. Tukamvuta hadi Montgomery, Alabama, ambako Weusi waligoma kupanda mabasi yaliyowabagua, na swali moja tu: mgomo uliopangwa wa siku moja ulifikaje siku 381?

2. Tafuta wasiotajwa. Claudette Colvin, miaka 15, alikamatwa Machi 1955 kwa kukataa kumpisha Mzungu kiti cha basi, miezi tisa kabla ya Rosa Parks, ambaye kukamatwa kwake kwa kosa hilohilo ndiko kulikowasha mgomo. Na usiku wa Parks kukamatwa, Jo Ann Robinson, mwalimu wa chuo, alikesha akichapa makumi ya maelfu ya vikaratasi vya kuwaita watu wasipande mabasi.

3. Chora basi. Hapa msifanye haraka. Chukua kadibodi, chora viti 36: kumi vya mbele vya Wazungu, kumi vya nyuma vya Weusi, 16 vya katikati vya kugombaniwa. Parks alikaa katikati, si kwenye kiti cha Wazungu kama wengi wanavyosimulia. Abiria wetu walikuwa vifuniko vya soda. Mzungu mmoja akikosa kiti, safu nzima ya Weusi wanne iondoke. Kwenye maonyesho, mzee mmoja alisogeza vifuniko vinne, akavitazama, akavirudisha kimyakimya.

4. Weka hesabu. Nauli ilikuwa senti 10, na takriban robo tatu ya abiria walikuwa Weusi. Mgeni atajua mwenyewe kampuni iliumia wapi.

5. Usiiache mahakama. Kesi ya kupinga ubaguzi ndani ya mabasi, iliyoshinda Novemba 1956, ilikuwa na majina ya wanawake wanne, Colvin akiwemo. Parks hakuwemo.

MASWALI

— Shikamoo mama. Wangu anataka kuvaa suti amwigize King. Nimkataze?
Marahaba mwanangu. Mwache, ila aeleze kwa nini mchungaji wa miaka 26, mgeni mjini, ndiye aliyechaguliwa kuongoza mgomo. Ugeni huo ulimsaidia: hakuwa na maadui bado.

— Dada, kuna kinachotuhusu sisi wa Kenya?
Kipo. Mwaka 1959 Tom Mboya alikutana na King huko Atlanta, na King akasaidia kugharimia wanafunzi Wakenya waliokuja kusoma Marekani. Kiwe kadi ya pembeni tu, kisitawale meza.

— Picha ya Parks akichukuliwa alama za vidole tuiweke siku ya kukamatwa kwake?
Hapana! Hiyo ni ya Februari 1956, viongozi wa mgomo walipokamatwa kwa pamoja. Na ile ya Parks akiwa dirishani ndani ya basi, Mzungu akiwa nyuma yake, ilipangwa na wanahabari Desemba 1956, mabasi yalipofunguliwa kwa wote. Yule Mzungu mwenyewe alikuwa mwandishi wa habari. Binti aliandika hayo chini ya picha, na majaji wa maonyesho walisimama hapo zaidi kuliko kwenye bango lote.