Kusaka mashimo meusi yaliyojificha kwa laptopu na katalogi ya eksirei

Shimo jeusi kubwa lililo katikati ya galaksi halionekani lenyewe. Kinachong'aa ni gesi inayolizunguka ikielekea kumezwa, na mara nyingi hata mng'ao huo hufichwa na wingu zito la vumbi na gesi. Vumbi huziba mwanga wa kawaida. Eksirei hupenya, ila zile laini, zenye nishati ndogo, humezwa na gesi njiani. Basi tunatafuta vyanzo ambavyo eksirei laini zimepungua huku ngumu zikibaki. Darubini huhitaji, data ziko wazi kwa kila mtu.

Hatua ya 1: Chagua eneo la anga. Wanafunzi wangu hapa Kisumu huwaanzisha na COSMOS, kipande cha anga kilichopigwa picha na darubini nyingi, kwenye kundinyota la Sextans. Mwishoni mwa Machi, mnamo saa nne na nusu usiku, eneo hilo hupita karibu juu ya utosi wetu. Kwa macho hutaona kitu, na pengine mvua itakuwa inanyesha, lakini ni vizuri kujua unachokisoma kiko upande gani. Chandra, darubini ya eksirei iliyo angani, ilikodolea eneo hilo kwa jumla ya sekunde milioni 4.6, ikapata vyanzo 4,016 katika nyuzi za mraba 2.2 tu. Uhuru, setilaiti ya kwanza ya eksirei, iliyorushwa kutoka jukwaa la San Marco karibu na Malindi tarehe 12 Desemba 1970, iliacha katalogi ya vyanzo 339 kwa anga lote.

Hatua ya 2: Pakua. Weka TOPCAT, programu ya bure ya kusoma majedwali ya data. Fungua menyu ya VO, ingia VizieR (maktaba ya katalogi za anga), utafute J/ApJ/819/62 (vyanzo vya eksirei) na J/ApJ/817/34 (galaksi zake na umbali). Hifadhi zote mbili hapo hapo. Bando likiisha au stima ikipotea, utaendelea na betri. Ziunganishe kwa namba ya chanzo.

Hatua ya 3: Pima ugumu. Kanuni ya uwiano wa ugumu ni HR = (H − S) / (H + S). S ni idadi ya fotoni (chembe za mwanga) laini, za kati ya 0.5 na 2 keV (kipimo cha nishati), H ni ya zile ngumu, za kati ya 2 na 7 keV. Wengi huhesabu chanzo kuwa kimefichwa HR ikizidi −0.2.

Hapa ndipo watu hukimbilia kushangilia. Chukua chanzo chenye H = 9 na S = 3: HR ni 0.5. Chenye H = 90 na S = 30 pia ni 0.5. Lakini kosa la kipimo, √(4HS / (H + S)³), ni 0.25 kwa cha kwanza na 0.08 kwa cha pili, na hapo bado hatujaondoa fotoni za mandharinyuma. Kwa fotoni chache kiasi hicho hata kanuni hii ya kosa hulegea, tumia BEHR, programu ya kukokotoa HR kwa fotoni chache. Usilinganishe pia HR ya Chandra na ya XMM-Newton, darubini nyingine ya eksirei, moja kwa moja, kwani kila darubini ina wepesi wake wa kunasa eksirei laini. Wa Chandra wenyewe umekuwa ukififia mwaka hadi mwaka kwa uchafu ulioganda kwenye kichujio chake.

Hatua ya 4: Rekebisha kwa umbali. Usiiruke hii hata kidogo. Ulimwengu unapotanuka, nishati ya fotoni hupungua ikiwa safarini. Kipimo cha mtanuko huo ni redishifti, z: kadiri chanzo kilivyo mbali, ndivyo z inavyokuwa kubwa. Kwenye z = 3, kile tunachopokea kama 0.5 hadi 2 keV kilitoka kikiwa 2 hadi 8 keV. Gesi ya atomi 10²² kwa sentimita mraba humeza zaidi zile za chini ya 2 keV, kwa hiyo kwa mbali hivyo chanzo kilichofichwa na gesi hiyo kitaonekana kama hakijafichwa. Chora HR dhidi ya z, kisha usome kila chanzo mahali pake kwenye mchoro. Mstari mmoja wa −0.2 kwa wote hautoshi.

Hatua ya 5: Tafuta waliozikwa kabisa. Gesi ikipita atomi 1.5 × 10²⁴ kwa sentimita mraba, hata eksirei ngumu za Chandra hazitoki moja kwa moja. Tunapata mabaki yaliyodunda pembeni, na HR inaweza kuonekana laini kabisa. Hapo geukia infraredi, kwa sababu vumbi lililopashwa joto halina budi kung'aa: kwenye data za WISE, darubini ya infraredi, W1 − W2 (tofauti ya mng'ao kati ya mikanda yake miwili ya kwanza) ya 0.8 au zaidi pamoja na eksirei hafifu ni dalili nzuri. Angalia pia kama chanzo kimo katika orodha ya vyanzo 91 vya NuSTAR kwenye COSMOS, maana darubini hiyo ya eksirei ngumu huona hadi 79 keV.

Vyanzo vilivyobaki na fotoni mia moja na zaidi, vipeleke XSPEC, programu ya kuchambua spektra za eksirei, ukatafute mstari wa chuma wa 6.4 keV, yaani mng'ao wa atomi za chuma kwenye nishati hiyo. Gawanya kwanza kwa (1 + z): kwa z = 2, uutafute kwenye 2.13 keV.